Ulizo Lenye Miguu

Ndugu wasomaji, kazi yetu ni kufundisha dini. Mwaka baada ya mwaka twasimama mbele ya watoto na kuuliza, nao hujibu. Nasi tulifundishwa vivyo hivyo. Tulipokuwa seminarini, mwalimu aliuliza, sisi tukajibu, na aliyejibu bila kukosea neno alisifiwa. Hatukumbuki hata mara moja mwanafunzi kusifiwa kwa sababu aliuliza vizuri. Hatuyasemi haya kwa kuwalaumu wakubwa wetu, maana majibu yale waliyotutia moyoni yangali yanatulisha hata leo. Lakini mtu aliyejifunza kujibu tu, siku moja atakutana na jambo lisiloandikwa katika kitabu chake, naye atanyamaza, au atajibu ovyo. Siku hiyo ilitufikia na sisi. Ndiyo habari tunayotaka kuwaeleza.

Mwaka jana, Prefe wa shule ya sekondari ya misioni yetu alitujia barzani jioni moja. Alikuwa na shida. Wanafunzi wake wa mwaka wa mwisho walipaswa kuandika, kila mmoja, kazi ndogo ya uchunguzi. Lakini kazi zilizomfikia mkononi zilikuwa karibu zote za kunakiliwa. Wengine walizitoa katika simu, wengine katika madaftari ya kaka zao. Akasema: «Mwalimu, watoto hawa si wavivu wala si wezi. Hawajui la kuuliza. Mtu asiye na ulizo lake hana budi kuiba jibu la mwenzake.» Akatuomba tukae nao kila Jumamosi alasiri mpaka Pasaka. Tulikubali mara moja. Tulidhani ni kazi nyepesi.

Jumamosi ya kwanza walifika kumi na tisa. Tuliwaambia kila mmoja aandike ulizo lake kwenye kipande cha karatasi. Tulipokusanya, tulisoma haya: «Umaskini katika Kongo.» «Vita na amani.» «Faida na hasara za simu.» «Mwanamke na maendeleo.» Zaidi ya nusu hayakuwa maulizo hata kidogo, yalikuwa vichwa vya habari. Karatasi moja tu ilitupendeza. Binti mmoja aliandika: «Kwa nini wazazi wa parokia yetu ni wavivu katika dini?» Tulimsifu mbele ya wote. Kila mwaka watoto wengine huacha mafundisho ya Komunyo ya kwanza katikati ya njia, na sisi wenyewe tulikuwa tumesema mara nyingi katika mikutano ya wakristu kwamba sababu yake ni uvivu wa wazazi. Tuliona kwamba binti huyu ametusikia. Mlikumbuke neno hili, maana tutalirudia.

Kisha tukamwita kijana wa umaskini, tukamwuliza:

«Mwanangu, umaskini huu utautafuta wapi?»

«Katika simu, Mwalimu.»

«Nchi yetu ina kilometa za mraba zaidi ya milioni mbili. Utaizunguka yote kabla ya Pasaka?»

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. Alituangalia, akasema kwa adabu: «Basi, Mwalimu, niulize nini?»

Tukatafuta la kumjibu, tusilipate. Tulijua kuwachekesha watu, lakini hatukujua kumsaidia mtoto. Tukawaambia waende nyumbani, nasi tukarudi kwetu tukiona haya.

Juma lile tulikumbuka kitabu kimoja cha seminarini, kitabu tulichokiogopa kwa sababu ya unene wake na Kilatini chake: Summa Theologiae ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyekufa mwaka 1274 kabla hajakimaliza. Wengi hufikiri kwamba kitabu cha mwalimu mkuu kama yule kimejaa majibu tu. Sivyo. Kimejengwa kwa maulizo tangu mwanzo. Tomaso akitaka kusema juu ya jambo kubwa, halibebi lote mara moja. Hulikata vipande, na kila kipande ni ulizo dogo ambalo mtu aweza kulijibu ndiyo au siyo. Tazameni anavyofanya juu ya Mungu mwenyewe. Kwanza anauliza kama kuwako kwa Mungu ni jambo linalojulikana lenyewe, bila kuonyeshwa. Kisha anauliza kama laweza kuonyeshwa kwa akili. Ndipo anauliza la tatu: Je, Mungu yuko? Tena haanzi na jibu lake. Anaanza na maneno ya wale wanaosema hapana, na kuyapanga kwa haki, ndipo anajibu. Mtakatifu yule hakuliogopa ulizo lile, wala hakulificha.

Tukajiambia: ikiwa mwalimu mkuu kama yule alilikata jambo vipande kabla ya kulibeba, kwa nini twamwacha kijana wa miaka kumi na minane abebe Kongo nzima kichwani?

Jumamosi ya pili tuliandika ubaoni neno UMASKINI, tukamwita kijana wetu mbele. Umaskini wa nani? Akasema: wa watu. Watu gani? Wa mtaa wetu. Nani katika mtaa? Akafikiri kwa kitambo, akasema: «Mama zetu wanaouza unga wa mihogo sokoni. Wanauza kila siku, lakini jioni hawana kitu.» Hapo sauti yake ilibadilika, maana mama yake mzazi ni mmoja wao. Tukaendelea pole pole, wenzake wakisaidia, mpaka tulipofika hapa: Mama anayeuza unga wa mihogo katika soko letu, akiisha kulipa gari na kodi ya soko, hubakiwa na franka ngapi kwa siku moja?

Ulizo lile lilikuwa dogo mara elfu kuliko la kwanza. Lakini lilikuwa na miguu. Kijana aliweza kuondoka palepale, kushuka sokoni, na kuwauliza mama kumi. Ulizo la kwanza lilimkalisha mbele ya simu. La pili lilimsimamisha. Tangu siku ile wanafunzi walikuwa wakichekana na kuulizana njiani: «Na lako, lina miguu?»

Baada ya majuma mawili alirudi na daftari limejaa hesabu. Alikuwa amegundua kwamba mama wengi huhesabu feza ya kuuza, lakini hawahesabu siku zao za kulima, za kuchimba, za kuanika na za kutwanga. Lakini katikati ya hesabu zile kulikuwa na mstari ambao yeye mwenyewe hakuutilia maana. Mama mmoja alimwambia: «Zamani tuliloweka mihogo siku tatu, hata nne. Siku hizi gari la mjini huja mara mbili kwa juma, nasi twaitoa majini mapema ili tusilikose.»

Tuliposoma maneno yale tulishtuka, maana tulijua habari ya konzo. Tukaweka kazi nyingine zote kando, tukawaeleza.

Konzo ni ugonjwa wa miguu. Mtu aliye mzima, kwa siku chache tu, na pengine kwa siku moja, miguu yake yote miwili inakakamaa, wala hatatembea tena kama zamani. Jina lenyewe ni la lugha ya Kiyaka, maana yake ni miguu iliyofungwa. Daktari Trolli aliandika habari zake mwaka 1938 katika Kwango, upande wa magharibi wa nchi yetu. Baadaye umeonekana hata huku kwetu, katika Kivu ya Kusini.

Jambo kama hili likitokea kijijini, ulizo la kwanza linalotoka vinywani mwa watu twalijua sote: Nani amemroga? Waganga wa hospitali nao walikuwa na ulizo lao: Je, ni ugonjwa wa kuambukiza? Wakatafuta virusi katika damu ya wagonjwa, wasivione. Tazameni tofauti ya maulizo haya mawili. Ulizo la waganga lilikubali kujibiwa hapana. Damu ilipojibu hapana, waliliacha, wakatafuta jingine. Lakini ulizo la «nani amemroga» halina nafasi ya hapana. Limekwisha kusema kwamba mlozi yuko. Limebaki kumpata jina. Na jina hupatikana kila mara: bibi mzee, mjane, mtoto yatima.

Basi, wachunguzi waliozunguka vijiji vya Bandundu katika miaka ya 1980 waliuliza maulizo madogo. Nani wanashikwa? Hasa watoto, na wanawake wa umri wa kuzaa. Wanaume wazima si wengi. Lini? Hasa wakati wa kiangazi. Wapi? Katika vijiji ambako watu hula mihogo michungu karibu kila siku, bila maharagi, samaki wala nyama ya kutosha. Na ulizo la nne, ambalo wengi hulisahau: Wale wasioshikwa, wao wanafanya nini ambacho hawa hawafanyi?

Jibu lilikuwa ndani ya maji. Mihogo michungu ina sumu. Ikilowekwa siku tatu au zaidi, sumu nyingi hutoka. Lakini barabara ya lami ya kwenda Kinshasa ilipofunguliwa, biashara ya mihogo ilikua, na katika vijiji vingine mama walipunguza siku za kuloweka, kutoka tatu mpaka moja. Hakukuwa na mlozi. Walikuwa mama wenye haraka ya kuuza, kama huyu wa soko letu.

Kwa kuwa wasomaji wetu wengi ni mama wa jikoni, tuongeze neno moja kabla ya kuendelea. Mihogo michungu iacheni majini siku zake tatu kamili, na bugali msiile peke yake; tafuteni maharagi au samaki, hata wadogo. Tena iko njia moja ya kusaidia, waliyofundishwa mama wa Kwango tangu mwaka 2010 hivi. Unga wa mihogo ulio tayari unachanganywa na maji, unatandazwa juu ya mkeka safi usizidi unene wa kidole, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha unapikwa siku ileile. Sumu iliyobaki hutoka na kwenda hewani. Katika kijiji cha kwanza walipoishika njia hiyo, wagonjwa wapya wa konzo hawakuonekana tena. Kijana wetu alitoka mkutanoni kabla ya wenzake, akaenda kumwambia mama yake na mama wa sokoni. Hakungoja alama za Prefe.

Tulipokuwa tukifuta ubao, binti yule tuliyemsifu siku ya kwanza aliinua mkono. Alisema:

«Mwalimu, ulizo langu ni kama lile la mlozi.»

«Kwa namna gani, binti yangu?»

«Nimekwisha kusema kwamba wazazi ni wavivu. Limebaki kuwapata majina.»

Wote walinyamaza. Tulitaka kumwambia kwamba si sawasawa, kwamba uvivu wa wazazi tumeuona kwa macho yetu. Lakini maneno yale tuliyoyasema sisi wenyewe robo saa iliyopita yalikuwa yangali masikioni mwao, na masikioni mwetu. Tukamwambia: «Basi lipe miguu.»

Alifanya kazi juma zima, akaja na hili: Katika mashirika mawili ya parokia yetu, watoto walioacha mafundisho ya Komunyo ya kwanza mwaka uliopita waliacha juma gani, na juma lile kulitokea nini? Akatuomba daftari letu la kuandika majina ya waliofika na waliokosa. Tulimpa bila kufikiri mengi. Daftari lile twaliandika kila juma, lakini hatujawahi kulisoma.

Baada ya mwezi mmoja alituletea kazi yake. Alikuwa ameyafuata yale maulizo manne. Katika shirika la kwanza watoto thelathini na wanne walianza, kumi na mmoja waliacha. Mmoja alihama na wazazi wake, mmoja aliugua, mmoja alimfuata mjomba wake katika dini nyingine. Waliobaki ni wanane. Na hao wanane hawakuacha huyu leo na yule kesho, kama watu waliochoka. Waliacha wote katika majuma mawili ya mwezi mmoja. Alifungua daftari la matangazo ya parokia, akaona kwamba majuma yale yalifuata Jumapili tuliyotangaza mchango wa sikukuu: nguo nyeupe, mshumaa, na chakula cha karamu. Katika shirika la pili, ambako watu si matajiri kuliko wa kwanza, hakuna hata mtoto mmoja aliyeacha majuma yale. Binti akauliza sababu. Akaonyeshwa sanduku la mbao ndani ya nyumba ya mama mmoja, limejaa nguo nyeupe. Mama wa shirika lile huziazimisha kila mwaka, na kuzifua, na kuzirudisha.

Kisha alikwenda kwa mama wanne kati ya wale wanane. Maneno ya mmoja aliyaandika yote: «Mtoto wangu alijua sala zote. Nilimzuia mimi, kwa sababu sikutaka akae na nguo ya shule peke yake katikati ya wenzake. Mwalimu alikuja hapa kutugombeza. Hakuuliza.»

Ndugu wasomaji, tuseme kweli. Tulikasirika. Tulijiambia kwamba msichana huyu amevuka mpaka, kwamba amekwenda kuyasikiliza masengenyo, kwamba Prefe afadhali ambadilishie kazi. Tulilishika daftari lake siku mbili bila kumrudishia. Kilichotuchoma hasa ni neno lile la mwisho. Nyumba ile twaikumbuka. Tulisimama mlangoni, hatukukaa, tukasema: «Kwa nini mnamzuia mtoto asimpokee Yezu?» Sisi tulidhani tumeuliza. Kumbe tulikwisha kuhukumu, tukaweka alama ya kuuliza mwisho wake.

Usiku wa pili ilitujia habari moja tuliyoisikia zamani seminarini. Tarehe 29 Januari 1960, katika chuo kikubwa cha Lovanium, mjini Leopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, mwanafunzi mmoja wa teolojia alisimama kujadiliana na dekano wake mbele ya watu. Mwanafunzi alikuwa Tharcisse Tshibangu, mzaliwa wa Kipushi katika Katanga. Dekano alikuwa padri Alfred Vanneste. Ulizo lilikuwa hili: Je, yawezekana kuwa na teolojia yenye rangi ya Kiafrika? Mwanafunzi alisema yawezekana. Dekano alisema kwamba lililo la kwanza ni teolojia iwe ya kweli, kwa watu wote. Hawakupatana. Lakini mwalimu hakumfukuza mwanafunzi, na maneno ya wote wawili yalichapwa mwaka uleule katika gazeti moja la mapadri. Mwanafunzi yule baadaye alikuwa askofu, tena rektori wa Universite. Alikufa mwaka 2021, na ulizo lake lingali linawalisha wanateolojia wa Afrika.

Tukajiuliza: ikiwa dekano wa chuo kikubwa aliweza kulisikia ulizo la mwanafunzi wake mbele ya watu wote, nasi tunashindwa kulisikia ulizo la binti wa parokia, hapa chumbani, bila shahidi?

Asubuhi tulipeleka daftari kwa Padri Mkubwa. Alilisoma lote akiwa amesimama. Kisha akauliza: «Mchango huu ulipangwa na nani?» Tukajibu: «Na sisi, Padri.» Hakutugombeza. Alisema tu: «Basi tuanze hapo.» Mkutano wa parokia ulipokaa, mchango uliondolewa. Karamu ikawa kila mtu aje na alichonacho, na masanduku ya nguo nyeupe yakaanza katika mashirika mengine, kama lile la mama wale.

Halafu tulikwenda kwa mama yule. Alitukaribisha, akatupa kiti, akangoja. Tulimwambia: «Mama, safari ile hatukuuliza. Leo tumekuja kuuliza.» Alitazama chini muda mrefu, ndipo akaanza kusema, na alisema mpaka jua likashuka.

Kati ya watoto wale wanane, watano walirudi, nao walimpokea Bwana wetu siku ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristu. Watatu bado. Mtoto wa mama yule ni mmoja wa hao watatu. Asema sasa amekuwa mkubwa, aona haya kukaa na wadogo. Twamwendea mara kwa mara, lakini hatumsukumi. Ulizo lilikuja, lakini lilichelewa mwaka mzima, na mwaka mmoja ni mrefu kwa mtoto.

Wako watakaosema: kuwafundisha vijana kuuliza ni kuwafundisha kiburi. Tuwajibu kwa Injili ya Mtakatifu Luka. Katika sura ya kwanza malaika Gabrieli aliulizwa mara mbili, na Zakaria, kisha na Bikira Maria. Ukisoma upesi, maulizo yao yafanana sana. Lakini Zakaria akawa bubu, na Maria akajibiwa kwa upole. Zakaria aliuliza kwa sababu hakutaka kusadiki. Maria aliuliza kwa sababu alitaka kujua namna ya kutii. Basi, kuuliza si kiburi, na kutouliza si unyenyekevu. Kila mtu autazame moyo wake. Binti yule aliuliza apate kujua. Sisi, pale mlangoni, tuliuliza tupate kushinda.

Ninyi walimu na katekista wenzetu, tunawaachia machache tuliyojifunza Jumamosi zile. Mwanafunzi akikuletea ulizo, usimcheke na usimsifu upesi. Mwulize kwanza: Nitalijibu kwa kwenda wapi, na kwa kumwuliza nani? Akikosa mahali pa kwenda, ulizo lake ni kubwa mno, likateni pamoja. Mwulize la pili: Je, laweza kujibiwa hapana? Likiwa haliwezi, jibu limefichwa ndani, naye atapata kile tu alichokiweka mwenyewe. Mwulize la tatu: Wako wengine ambao jambo hili halikuwapata? Mwambie awatafute na hao. Na la nne ni la kumwuliza wewe mwenyewe: Nikipata jibu lisilonipendeza, nitalipokea?

Ninyi wazazi nanyi, mtoto akiwauliza jambo msilolijua, msimwambie nyamaza. Mwambieni: «Sijui, twende tukaulize.» Maneno hayo hayatawashusha heshima. Wazee walisema kwamba kuuliza si ujinga.

Mwisho wa kazi yake binti yule aliandika: Mimi nimeyaona mashirika mawili tu, juu ya mengine sijui. Prefe alimpa alama nzuri kwa ajili ya mstari ule. Sisi tulimwomba ausome mbele ya katekista wote wa parokia, pamoja na maneno ya mama wale. Tulikaa mbele, tukasikiliza, kama wengine.

Bwana wetu Yezu alipokuwa na miaka kumi na miwili, wazazi wake walimtafuta siku tatu, wakamkuta Hekaluni katikati ya walimu. Luka asema kwamba alikuwa akiwasikiliza na kuwauliza. Yeye aliye Hekima ya Baba alikubali kuuliza. Atujalie sisi tunaofundisha kwa jina lake moyo wa namna hiyo, hasa tunaposimama mlangoni mwa watu.